Trela yako ina breki, lakini je, pikapu yako yajua?

Kuna trela nyingi hapa Pwani zinazovutwa na pikapu. Zabeba boti, jenereta, matangi ya maji, matofali ya kuchonga na hata ng'ombe. Baadhi huingizwa kutoka nje zikiwa na breki za umeme kwenye magurudumu, lakini mwenyewe akishapata taa za nyuma zikiwaka, husema kazi imekwisha. Ule waya wa breki huachwa ukining'inia. Mtu huyo anavuta tani mbili za mzigo kwa breki za pikapu peke yake, na siku atakayoteremka kutoka Kwale kuelekea Kombani, trela itamsukuma kwa nyuma na huenda ikamgeuza ubavu.

Uingereza trela isiyo na breki hairuhusiwi kuzidi uzito wa kilo 750 pamoja na mzigo. Kumbuka kwamba tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya maji, kabla hujahesabu chuma cha trela yenyewe.

Breki hizi zafanya kazi hivi. Ndani ya kila dramu mna sumaku ya umeme. Ikipata umeme, hung'ang'ania uso wa dramu inayozunguka, ikavutwa nayo kidogo, na kwa kuvutwa huko husukuma mkono unaopanua breki shuu. Umeme ukizidi, breki hukaza zaidi. Kwa hiyo hapana mafuta ya breki wala paipu, ila panahitajika kifaa cha kuamua umeme uende kiasi gani. Kifaa hicho ni kontrola, kisanduku kidogo kinachofungwa chini ya dashibodi karibu na goti la dereva. Zipo za aina mbili. Moja hupeleka umeme kwa kasi iliyopangwa kila unapokanyaga pedali. Nyingine huhisi jinsi gari linavyopunguza mwendo na kuipa trela breki za kiasi hicho hicho. Ukiweza, nunua hii ya pili. Kwenye foleni ya Mtwapa utaona tofauti.

Kontrola nyingi zina nyaya nne. Mweusi hupokea umeme moja kwa moja kutoka kwa chanya ya betri, si kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Mweupe huenda kwa hasi ya betri. Mwekundu huunganishwa na swichi ya taa za breki kwenye pedali, upande ule usio na umeme mpaka ukanyage. Ukiunganisha upande wa pili, kontrola itadhani umekanyaga breki mchana kutwa. Wa buluu ndio unaokwenda nyuma hadi kwenye soketi, na huko ndiko hulisha sumaku.

Kwenye waya mweusi, karibu na betri, weka sakiti breka inayojirudisha yenyewe: ya ampia 20 kwa trela ya breki mbili, 30 kwa breki nne. Mafundi wetu hupenda fyuzi kwa sababu ni rahisi kupatikana. Lakini fyuzi ikikatika njiani umebaki bila breki za trela hadi usimame, na kusimama ndiko kwenye shida.

Sasa unene wa waya, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Kila sumaku hula takriban ampia 3. Magurudumu manne ni ampia 12 zinazosafiri urefu wote wa gari na trela. Ukitumia waya mwembamba wa taa, wa milimita za mraba 1.5, waweza kupoteza kama volti 2 kati ya 12 kwenda na kurudi, na breki zitalegea hata kama kila kitu kimeunganishwa sawasawa. Tumia wa milimita za mraba 4 kwa breki mbili, na 6 kwa nne. Waya wa hasi nao upite kwenye plagi ukiwa mnene vivyo hivyo. Usitegemee chuma cha kuvutia trela kurudisha umeme, maana kwa chumvi ya hewa yetu kutu huingia kabla ya msimu kugeuka.

Rangi za nyaya kwenye soketi zisikudanganye. Trela ya Marekani na ya Ulaya zote zaweza kuwa na plagi ya pini saba lakini mpangilio si mmoja. Mwambie fundi apime kila pini kwa tasta.

Mkimaliza, weka ampmita kwenye waya wa buluu kisha sukuma kitelezi cha mkono cha kontrola hadi mwisho. Trela ya breki mbili isome karibu 6. Ikisoma 3, sumaku moja imekufa. Ikisoma sifuri, anza kutafuta kwenye hasi. Halafu tafuta barabara tambarare isiyo na watu, uende kilomita 40 kwa saa na usukume kitelezi tena: trela ikushike kwa nguvu bila magurudumu kukwama. Yakikwama, punguza.

Pia trela iwe na betri yake ndogo na swichi yenye waya wa chuma uliofungwa kwenye pikapu. Trela ikichomoka, waya huo huvuta pini na breki hujikaza zenyewe. Marekani sheria hutaka trela za kibiashara zenye breki zishikilie hivyo kwa angalau dakika 15. Unapoijaribu, chomoa plagi ya pikapu kwanza, la sivyo waweza kuiunguza kontrola.

Wenye boti mnaozamisha trela baharini kule Kilifi, breki hizi si zenu. Sumaku na nyaya ndani ya dramu zitaliwa na chumvi. Tafuteni zile za mafuta zinazojikaza trela inaposukuma gari, na kila mkitoka majini zioshwe kwa maji baridi.