Kijana Mrushaji Besiboli Apumzishwe Kabla ya Chuo

Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua kiwiko Tommy John, mrushaji mpira wa Los Angeles Dodgers, na kumpandikizia kano iliyotolewa kwenye mkono wake mwingine. John alirudi uwanjani 1976, akacheza hadi 1989. Upasuaji ule uliobuniwa kwa ajili ya mchezaji wa kulipwa leo hufanyiwa hata wanafunzi wa sekondari wa Marekani, na wengi wao huumia wakati ule ule wanapowania nafasi katika timu za vyuo.

Tazama mrusho mmoja ukipunguzwa kasi kwenye video. Mguu wa mbele unatua, nyonga zinageuka, kifua kinafuata, na mkono ulioachwa nyuma unalala begani hadi kiganja kinaelekea juu. Hapo ndipo kano ndogo ya upande wa ndani wa kiwiko huvutwa karibu na ukomo wake. Misuli ya kigasha huisaidia kubeba mzigo huo. Ikichoka, kano hubaki bila msaidizi. Kwa mtoto ambaye bado anakua, mara nyingi kinachoumia kwanza ni ile sehemu laini ya mfupa inayorefuka.

Watafiti wa taasisi ya tiba ya michezo ya Birmingham, Alabama, waliwafuatilia watoto warushaji 481 kwa miaka 10. Waliorusha zaidi ya awamu 100 za mchezo kwa mwaka walikuwa na uwezekano mara 3.5 zaidi wa kuumia vibaya. Utafiti wao wa awali ulitisha zaidi: waliozoea kurusha wakiwa wamechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kufikia upasuaji.

Ndiyo maana mwongozo wa usalama wa warushaji vijana uitwao Pitch Smart, wa mwaka 2014, unamwekea kijana wa miaka 17 au 18 kikomo cha mirusho 105 kwa siku, na akipita 80 apumzike siku 4. Tatizo ni kwamba kijana huyo huyo huchezea shule katikati ya wiki, klabu Jumamosi, kisha hupelekwa kwenye maonyesho ya vipaji kupimwa kasi. Kila kocha anahesabu mirusho ya timu yake tu. Kwa maoni yangu, daftari la hesabu likae nyumbani, kwa mzazi.

Kujiandaa kwa chuo ni zaidi ya kasi. Kijana anahitaji miguu na kiwiliwili chenye nguvu, mrusho wa kasi unaofika anapoulenga, mwingine wa polepole wa kumhadaa mpigaji, usingizi wa kutosha, na angalau miezi 4 kwa mwaka bila kurusha, 2 au 3 kati yake ikifuatana.

Mzazi, kiwiko cha mwanao kikianza kushuka anaporusha, au mipira yake ikianza kupaa juu ya shabaha, amechoka. Mwombe kocha amtoe. Akisema kinauma, mpeleke kwa daktari kabla hajagusa mpira tena, hata kama wasaka vipaji wa chuo wamekaa jukwaani siku hiyo.