Iliyochanwa Si Iliyochanika

Suruali mbili za jinzi zilikuwa kwenye kibanda kimoja cha mitumba pale Gakoromone, mjini Meru, asubuhi niliyopita. Zote mbili zina matundu magotini na zote zimepauka mapajani. Mwenye kibanda, mama aliyefungua mabelo ya nguo kwa miaka mingi, aliitundika moja mbele kabisa penye macho ya wapita njia, na nyingine akaitupa kwenye lundo lililotandazwa chini juu ya turubai. Nikamwuliza kwa nini. "Hii imechanwa," akasema, akiigusa ile iliyotundikwa. "Hiyo nyingine imechanika."

Tofauti ni ya kauli ya kitenzi tu, kutendwa na kutendeka, lakini bei zao zimeachana mbali. Iliyochanwa ni fasheni, na kijana wa chuo ataitolea mamia ya shilingi bila kubembelezwa. Iliyochanika ni nguo kuukuu, ya shambani, ya kuitiwa "hamsini, hamsini" jioni wauzaji wakikaribia kufunga. Biashara nzima ya jinzi za mitumba kutoka Embu hadi Maua inategemea jicho la kuzitenganisha hizi mbili, na jicho hilo ni mtaji kama fedha.

Ni mtaji kwa sababu belo huuzwa likiwa limefungwa. Huwa na uzito wa kilo 45, limekazwa kwa mikanda, na mnunuzi hajui kilichomo mpaka alikate. Wafanyabiashara wa huku huyafuata mabelo katika soko la Gikomba, Nairobi. Wengine hupanda matatu usiku wafike alfajiri, wengine huagiza kwa simu na kupokea mzigo stendi. Likishafunguliwa, nguo hupangwa kwa daraja. Juu kabisa ni kamera, zile safi zinazochaguliwa mwanzo, na chini kabisa ni fagia, mabaki ya kufagiwa. Shati likiwa na tundu halina mjadala, ni fagia. Jinzi ndiyo inayoleta utata, kwa kuwa tundu lilelile laweza kuipandisha kuwa kamera au kuishusha. Anayekosea mara kumi kwenye belo moja amekula hasara. Na hii si biashara ndogo: mwaka 2019 Kenya iliagiza takribani tani 185,000 za nguo za mitumba.

Yule mama alinionyesha anavyosoma. Kitambaa cha jinzi kina nyuzi za mtande zilizotiwa rangi ya nili, na nyuzi za mshindio ambazo huachwa nyeupe. Nili ina tabia yake: haizami hadi kiini cha uzi. Uzi huchovywa na kutolewa mara nyingi, ukitoka umekuwa wa kijani-manjano, kisha hewa inaugeuza kuwa bluu, lakini ndani hubaki mweupe. Ndiyo maana jinzi hupauka pale inaposuguliwa. Rangi ya nje inabanduka na weupe wa ndani unachungulia.

Sasa tazama tundu. Kiwandani hukata nyuzi za bluu za mtande na kuacha zile nyeupe za mshindio zikining'inia kama kamba za gitaa. Goti lililotoboka kwa kazi halina mpangilio huo, kwa kuwa bluu na nyeupe zimekatika pamoja, na kitambaa kinachozunguka tundu ni chembamba kama kitambaa cha kuchujia chai. Halafu tazama miguu yote miwili. Suruali iliyochakazwa na mashine hufanana kushoto na kulia. Iliyochakazwa na mtu haifanani hata siku moja: mfuko mmoja una mstatili mweupe wa simu, pindo moja limeliwa na kisigino kuliko jingine. Ya mwendesha bodaboda hupauka makalioni na ndani ya mapaja, palipogusa kiti na tangi. Nguo huandika kazi ya mwenyewe, na anayeuza mitumba hujifunza kuusoma mwandiko huo kabla hajaweza kuusoma mzani.

Kuiga mwandiko huo kumekuwa na viwanda vyake. Suruali ya Levi Strauss na Jacob Davis, iliyopata hataza Marekani tarehe 20 Mei 1873, iliuzwa ikiwa ngumu na ya bluu iliyokoza, mvaaji akaachiwa kazi ya kuizeesha. Kufikia miaka ya 1970 viwanda vilikuwa vikifua jinzi mpya pamoja na mawe mepesi ya volkano ili zitoke laini na zimepauka. Baadaye vikaja vimeng'enya vinavyokula pamba juujuu, kisha dawa ya pamanganeti ya potasiamu ya kupulizia mapajani, na siku hizi miali ya leza.

Njia moja iliua watu. Nchini Uturuki, vijana walirushia jinzi mchanga kwa mashine za upepo katika vyumba visivyo na hewa, wakavuta vumbi la mawe hadi mapafu yakaganda. Ugonjwa huo ni silikosisi, na hauna tiba. Uturuki ilipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009, na mwaka uliofuata Levi's na H&M zikatangaza kuiacha. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu huku kwetu wapo wanaochonga mawe ya kujengea bila kitambaa puani, na vumbi halibagui kama linatoka kwenye jiwe la nyumba au kwenye goti la suruali.

Bei za uchakavu wa kutengenezwa zilipaa zaidi katika maduka ya kifahari. Mwaka 2017 duka la Nordstrom la Marekani liliuza jinzi zilizopakwa tope bandia kwa dola 425. Mwaka 2022 Balenciaga walitoa jozi 100 za viatu vya raba vilivyoraruliwa, kila jozi dola 1,850, zaidi ya shilingi laki mbili wakati huo. Mtu wa Runyenjes au Manyatta anayajua matope ya kweli. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya una chuma kingi, ukiingia kwenye pindo hautoki kwa sabuni wala kwa jiki, na suruali yenye doa hilo hushuka bei papo hapo hata kama haina tundu lolote.

Hata hivyo si kweli kwamba uchakavu wa asili hauna thamani popote. Mwaka 2001 kampuni ya Levi's yenyewe ililipa dola 46,532 kuinunua suruali yake ya miaka ya 1880 iliyopatikana katika mji wa wachimba madini huko Nevada. Nchini Japani wapo wanaonunua jinzi isiyofuliwa wakaivaa miaka na miaka ili ipauke kwa mwili wao tu. Ila hao wana suruali nyingine ya kuvaa kazini. Anayechuma majani chai Imenti Kusini au kupanda mti wa miraa kule Igembe hana nafasi ya kuifanya nguo yake kumbukumbu. Anachotaka ni ifike msimu ujao.

Na hapa ndipo ninapoona dhuluma. Nguo ina umri wake, kama betri. Mawe, dawa na leza hutumia sehemu ya umri huo kabla mnunuzi wa kwanza hajavaa. Huyo wa kwanza, wa Ulaya au Marekani, hadhuriki sana, maana ataiacha fasheni ikibadilika. Atakayeumia ni wa pili, aliye Gakoromone au soko la Embu, anayelipa bei ya kamera kwa kitambaa kilichokwisha nusu. Viwanda vya Nairobi na Athi River vimeshona jinzi kwa miaka mingi za kwenda Marekani chini ya AGOA, mpango wa kuuza huko bila ushuru ulioanza 2000. Si ajabu baadhi zikarudi kupitia Mombasa ndani ya belo, zikiwa zimezeeka mara mbili, mara moja kwa mashine na mara moja kwa mtu.

Yule mama ana kipimo chake. Hushika kitambaa pembeni mwa tundu na kukivuta kwa vidole gumba viwili, kisha hukiinua kuelekea juani. Kikipitisha mwanga kama chandarua, anashusha bei hata kama fasheni inamvutia mteja. "Kijana atanirudia," aliniambia. "Nikimuuzia ikamwachia msamba kwa wiki moja, nimepoteza kastoma." Laiti wote wangefanya hivyo. Na mnunuzi naye afanye, ni jambo la sekunde tatu.

Mjini Embu nilikaa karibu saa nzima na fundi wa cherehani ya miguu, kwenye baraza ya duka. Msichana mmoja wa chuo alimletea jinzi iliyochanwa magoti yote mawili. Alikuwa anakwenda nyumbani upande wa Siakago na shosho yake hataki kuona magoti. Fundi hakukata zile nyuzi nyeupe. Alitia kiraka cha bluu kwa ndani, akapiga mshono kuzunguka tundu, akauvuta. Ukashika, kwa kuwa kitambaa cha pembeni kilikuwa kizima. Tundu lilikatwa penye nguvu.

Aliyefuata alikuwa mzee mwenye suruali ya kazi, goti moja limetoboka. Fundi aliingiza mkono ndani ya mguu wa suruali, akatandaza vidole chini ya goti, na vidole vyote vitano vikaonekana kupitia kitambaa. Akasogeza sindano mbali na tundu, sentimita mbili, kisha tatu, kisha nne, akitafuta mahali pa kuanzia.

"Mzee, hapa nishonee wapi?" akauliza.