Kyondo Hakisemi Kiswahili

Kwenye kilio huku Katuba au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, ngoma zikianza hata mtoto hutikisa bega. Lakini mzee wa Kiluba akigonga kyondo, wachache waliokaa hapo husikia maneno: jina la mtu, sifa zake, wito kwa aliye mbali. Sisi wengine twasikia mlio tu. Tofauti hiyo inatoka kwenye lugha.

Kyondo hakina ngozi. Ni gogo moja lililochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba wa juu. Midomo miwili ya mwanya huo huachwa na unene usiolingana, hivyo mmoja hulia juu, mwingine chini. Sauti mbili, nazo zatosha, kwa kuwa Kiluba ni lugha ya toni: silabi hupanda au hushuka, na fundi huufuata mwendo huo kwa magongo yake.

Ila maneno mengi hupanda na kushuka sawasawa. Mwingereza John Carrington, aliyeishi karibu na Kisangani na kuchapisha kitabu juu ya ngoma hizi mwaka 1949, alieleza dawa ya Walokele, watu wa huko. Katika lugha yao mwezi na kuku hulia vilevile ngomani. Basi mpigaji husema mwezi uitazamao dunia kutoka juu. Kuku naye huwa yule mdogo aliaye kiokio. Kwangu usanii uko hapo hasa: mpigaji ana hazina ya mafungu kichwani, kama malenga.

Wajapani wamekuza upande mwingine wa ngoma, nguvu ya mlio wenyewe. Mwaka 1951 Oguchi Daihachi, mpiga ngoma za jazi, alikusanya taiko, ngoma za Kijapani, za ukubwa mbalimbali kuwa kundi moja, na kishindo chake hukuingia kifuani bila kuhitaji neno. Hata Missa Luba, misa ya Kilatini kwa mtindo wa Kikongo, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 chini ya padri Guido Haazen, dunia ilizipokea ngoma zake kama mapigo tu.

Makambi ya kampuni ya migodi ya Union Minière yaliwakutanisha hapa Lubumbashi watu wa Kasai, Maniema, Rwanda na Rhodesia, na Kiswahili kikatuunganisha. Lakini Kiswahili hakina toni. Baba, mama, kaka, kuku: mkazo ni uleule, kyondo hakiwezi kuyatenganisha. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili pekee hafumbui ngoma ya babu yake, hata awe na sikio zuri namna gani.

Ninyi mlio na mzee anayejua kyondo, kaeni naye wiki hii na simu mkononi. Mrekodini akipiga, kisha mwombeni ayatamke kwa Kiluba maneno ya kila fungu, nanyi myaandike.