Sumu ya kipindupindu: Usimnyime mgonjwa maji

MTU aliyeamka akiwa mzima anaweza kushikwa na kipindupindu na kufariki kabla ya siku kwisha. Je, bakteria asiyeonekana kwa macho hutoa wapi nguvu za kuangusha mtu mzima hivyo?

Jibu ni sumu. Bakteria huyo, Vibrio cholerae, hujishikiza kwenye utumbo mdogo na kumwaga sumu inayolazimisha seli za utumbo kutoa chumvi bila kukoma. Chumvi ikitoka, maji ya mwili huifuata. Mgonjwa aliyezidiwa huweza kupoteza hata lita moja kwa saa, na choo chake hufanana na maji yaliyooshewa mchele.

Sumu hiyo ilithibitishwa mwaka wa 1959 na Sambhu Nath De, mtafiti wa Calcutta, India. Mwaka wa 1996, Matthew Waldor na John Mekalanos wa Marekani walionyesha kwamba jeni za sumu hiyo, yaani maagizo ya kuitengeneza, hubebwa na virusi wanaoambukiza bakteria. Bakteria asiye na sumu akiambukizwa, huipata.

Ndiyo maana kati ya aina zaidi ya 200 za Vibrio cholerae, ni mbili tu, O1 na O139, ambazo zimeleta milipuko mikubwa. Maabara zenye vifaa hupima choo cha mgonjwa na kutafuta jeni iitwayo ctxA ili kujua kama bakteria aliyepatikana ana uwezo wa kutoa sumu.

Lakini mgonjwa asingojee majibu ya maabara. Antibiotiki huua bakteria, ila haiondoi sumu iliyokwisha kushika utumbo. Kinachookoa maisha ni kurudisha maji na chumvi mwilini.

Wako wanaomnyima mgonjwa maji wakidhani yanazidisha kuharisha. Hilo ni kosa kubwa. Sumu haizuii utumbo kufyonza chumvi ikiandamana na sukari. Kama huna pakiti za dawa ya maji na chumvi, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo huku mkielekea hospitalini.

Kenya imepata milipuko mingi tangu 1971. Anayetibiwa mapema na ipasavyo, kwa kawaida hupona.