Barabara Kabla ya Msingi

Nyumba ya Kiswahili ya Manzese ina vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na uani kuna choo na bafu vya wote. Kila chumba ni kaya. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali ili masanduku na ndoo za maji vipate pa kukaa uvunguni. Pazia linatenga upande wa wazazi na wa watoto. Mita ya umeme ni moja, hivyo wapangaji huchangishana hela ya Luku, na mwenye friji hutoa zaidi. Hii ndiyo nyumba ya bei nafuu ya Dar es Salaam, na aliyeijenga hakusubiri mradi wowote.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani humo. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Tukichukulia watu wanne kwa kaya, yalihitajika makao mapya kama 25,000 kila mwaka. Sasa tazama Magomeni Kota, mradi mzuri wa ghorofa uliozinduliwa Machi 2022: una nyumba 644. Ingebidi tujenge miradi kama huo karibu 40 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Ghorofa za serikali zinafaa kujengwa, lakini peke yake haziwezi kulibeba jiji hili.

Benki nazo hazimfikii mtu wa Manzese. Mkopo wa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 15, ukilipwa kwa miaka 20, unadai kama shilingi 527,000 kila mwezi. Mama lishe au dereva wa bodaboda ataitoa wapi? Na hata angekuwa nayo, ataulizwa hati na barua ya mwajiri.

Kwa hiyo watu hujenga kidogo kidogo. Mtu ananunua kipande cha shamba Chanika au Kivule, wanaandikishana serikali ya mtaa mbele ya mashahidi, na kipande kinapimwa kwa hatua za miguu. Mwaka huu msingi, mwakani kuta zinafika kwenye linta. Boma linakaa na mvua misimu miwili mpaka zamu ya mwenyewe katika mchezo wa upatu ifike, ndipo apaue. Anahamia chumba kimoja kikiwa na mlango, vingine vimezibwa kwa mabati. Mimi naona hapo akiba na ustahimilivu ambao hakuna wizara inayoweza kuununua. Kasoro ni moja, nayo ni kubwa: hakuna aliyeacha njia. Barabara ikija baadaye, inakuja na alama ya X nyekundu ukutani, ya kubomolewa.

Jiji hili liliwahi kufanya vingine. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kuvuta maji, kisha ikamwachia mwananchi ajenge mwenyewe. Ni kweli kwamba viwanja vingi viliishia kwa wenye uwezo, na hilo ni doa. Lakini simama leo pale Sinza inapopakana na Tandale. Upande mmoja gari la zimamoto linafika mlangoni. Upande wa pili mgonjwa hubebwa mgongoni hadi barabarani. Udongo ni ule ule. Waliotofautiana ni waliopewa vigingi na wasiopewa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulirudia wazo hilo, ila ukubwa na bei ya viwanja viliwashinda wengi wa kipato cha chini. Dawa ni kupima viwanja vidogo, vingi, karibu na njia za mabasi, mashamba yakiwa bado mashamba.

Tusimsahau mpangaji, maana si kila mtu atajenga. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, na desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo imeshika mizizi. Chumba cha shilingi 60,000 kinataka 360,000 za mwenye nyumba na 60,000 za dalali kabla godoro halijaingia. Anayelipwa kwa siku analazimika kukopa ili apate pa kulala. Kodi ya mwezi kwa mwezi, ikilindwa na sheria, ingemsaidia mtu huyu kesho asubuhi bila tofali hata moja kufyatuliwa.

Nawe msomaji, kama unanunua kipande huko pembezoni, usiwasubiri wapimaji. Kaeni na majirani mbele ya mjumbe, mkubaliane njia ya mita sita, mpande miti pande zote mbili, ndipo mchimbe msingi.