Mfadhili Hatoi Rambirambi

"Mwalimu, ni mfadhili gani anatoa hela za PhD ya historia ya sanaa?" Swali hili hunifuata kwenye simu, korido za chuo na siku hizi hata msibani. Mwulizaji akiwa ametoka Sumbawanga au Namanyere, huongeza la pili kabla sijajibu la kwanza: "Nikiandika kwamba sanaa ya Wafipa inatoweka, si watanipa?"

La kwanza nitalimaliza chini kwa haraka. La pili ndilo linalonichosha.

Watu wameaminishana kwamba mzungu ana huruma na mambo ya asili, na ukililia utamaduni unaokufa mfuko unafunguka wenyewe. Imani hiyo sasa ina wachuuzi wake. Kwenye steshenari za jirani na vyuo wapo vijana wanaotunga maandiko ya ufadhili kwa malipo, na kazi yao naitambua kwenye aya ya kwanza: sanaa ya kabila fulani inatoweka kwa kasi kutokana na utandawazi, hakuna mtafiti aliyewahi kuishughulikia, utafiti huu utaihifadhi kwa vizazi vijavyo. Kinachobadilika ni jina la kabila tu, na kuna safari lilisahaulika, Wafipa wakajikuta wanachonga vinyago vya mpingo kule Mueda, kwa Wamakonde wa Msumbiji.

Tuyachukue malungu, kwa kuwa ndiyo kila mwombaji wa Ufipa huyakimbilia. Hayo ni matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, marefu kuliko mtu, na mengine bado yamesimama wilayani Nkasi. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, hivyo kilihamishiwa kwenye kintengwe, tanuru dogo la kuvukuta, kikasafishwe ndipo kifuliwe jembe. Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya dukani yalipozagaa. Leo kijana ananiandikia kwamba "inatoweka". Moto ulizimika kabla babu yake hajaoa.

"Hakuna aliyewahi kuishughulikia" ni baya zaidi. Padri Wyckaert aliandika juu ya wahunzi wa huko katika jarida la Anthropos mwaka 1914. Greig akaeleza uyeyushaji wa chuma Ufipa kwenye Tanganyika Notes and Records mwaka 1937. Roy Willis alichapisha kitabu kuhusu dola ya Wafipa mwaka 1981. Bertram Mapunda, Mtanzania mwenzetu, alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995 kwa historia ya ufuaji chuma wa kusini-magharibi mwa Tanzania, na Randi Barndon wa Bergen akatoa kitabu kizima juu ya Wapangwa na Wafipa mwaka 2004. Anayepitia andiko lako huenda ni mmoja wao, au mwanafunzi wao. Sentensi moja ya steshenari imemtukana usoni, naye hana haja ya kusoma ukurasa wa pili.

Mfadhili hatoi rambirambi. Analipia swali, na maswali Ufipa yapo tele. Ilungu lilipokaribia kuwashwa lilipambwa na kutendewa kama bibi harusi, na dawa zilifukiwa chini yake. Wanaakiolojia wamekwisha kuchimba misingi, wanaanthropolojia wamekwisha kueleza ishara za ndoa na uzazi. Mwanahistoria wa sanaa bado ana lake: umbo lile aliliamua nani? Tanuru la upande wa utawala wa Nkansi na la upande wa Lyangalile, chini ya Mwene (mtawala) mwingine, ukiyaweka pamoja unauona mkono wa fundi? Mapambo yaliyofutwa na mvua yanasomeka kwenye picha na maandishi ya wamisionari?

Swali la namna hiyo hujitengenezea bajeti. Linadai mkalimani wa Kifipa, bodaboda kutoka Namanyere, wiki kadhaa kwenye nyaraka za Mapadri Weupe huko Roma, na miezi ya kiangazi, maana mvua ikianza Novemba kamera utaifungia sandukuni. Bajeti ya andiko la kununua huanza na kompyuta mpya na kuishia na "gharama nyinginezo".

Sasa lile la kwanza. Hela ni za aina tatu, usizichanganye: karo, uwandani, na kumalizia kuandika. Wenner-Gren ya New York hutoa ruzuku ya uwandani kwa mwanafunzi wa uzamivu wa taifa lolote, hadi dola 25,000. Hailipi karo, inataka swali la kianthropolojia, na haitozi ada ya maombi, kwa hiyo anayekuomba "hela ya kuchakata fomu" ni tapeli. Lisa Maskell, ufadhili wa Gerda Henkel Stiftung ya Düsseldorf, umekuwa ukipitia Makerere na Stellenbosch. Waulize wao kama dirisha liko wazi. Kwa fedha ndogo, fuatilia matangazo ya taasisi za utafiti, BIEA ya Nairobi na CODESRIA ya Dakar. Ule mpango wa ACLS ya Marekani kwa wanazuoni wa Afrika ulishafungwa, ingawa unazunguka kwenye magrupu hadi leo. Ukiajiriwa na chuo, anza na mwajiri wako kabla ya Ulaya.

Kibali usikiache mwisho. Anza na barua ya chuo, kisha Katibu Tawala wa Mkoa pale Sumbawanga, halmashauri, ofisi ya kijiji. Ukitaka kuchimba hata shimo moja, Idara ya Mambo ya Kale kwanza. Sheria ipo tangu 1964. Nakala za barua hizo ziambatishe kwenye andiko, na jina la msimamizi wako liandikwe baada ya kumwuliza.