Mahojiano ya udaktari kwa njia ya mtandao: nenda na swali, usiende na mahubiri

Katika makanisa yetu ya mashariki wameanza kuonekana wachungaji wanaoomba nafasi ya kusoma udaktari wa theolojia katika vyuo vya mbali: Afrika Kusini, Kenya, Ulaya, Marekani. Zamani mtu alisafiri ili aonekane. Siku hizi walimu wanamwita kwenye kioo cha kompyuta au cha simu, na kwa nusu saa hivi wanapima kama watamchukua. Hapa Katoto, Kamina, tumekaa na ndugu kadhaa waliopita katika mahojiano hayo. Wengine walikubaliwa, wengine walikataliwa, na waliokataliwa hawakukosa akili wala imani. Tunaandika haya kwa ajili ya wale wanaojitayarisha sasa, na kwa makanisa yanayowachangia.

Shida ya kwanza ni yetu sisi wahubiri. Mhubiri akiulizwa swali, anahubiri. Anaanza na Mwanzo, anapita kwa manabii, na akifika kwenye Injili dakika kumi zimekwisha na profesa bado anangoja jibu. Tumezoea watu wanaoitikia Amina. Profesa haitikii Amina, anauliza, “Umejuaje hayo?” Hapo wengi wetu tunaona kama tumetukanwa, kumbe ndiyo kazi yake.

Utafiti unaanza na jambo ambalo wewe mwenyewe bado hujui jibu lake. Kama tayari unajua utakalosema kwenye ukurasa wa mwisho, hayo ni mahubiri, pengine mazuri sana, lakini hakuna haja ya kwenda chuoni miaka minne kwa ajili yake.

Tuchukue mfano wa karibu nasi. Mwaka 1915 William Burton na James Salter walifika Mwanza, katika nchi ya Waluba, wakaanza kazi ambayo baadaye ilizaa Jumuiya ya Kipentekoste katika Kongo. Tuseme mchungaji mmoja wa Haut-Lomami anaandika katika ombi lake kwamba anataka kuandika historia ya Wapentekoste wa Katanga. Mwalimu anayejua mambo atamwambia: David Garrard aliandika tasnifu juu ya misheni hiyo, akaimaliza Aberdeen mwaka 1983. David Maxwell ametoa kitabu kikubwa juu yake mwaka 2022. Burton mwenyewe aliandika juu ya dini na desturi za Waluba. Wewe unaongeza nini?

Asiyejua vitabu hivyo atanyamaza. Au atasema kwamba wageni hawawezi kutuandikia historia yetu. Huenda kuna haki ndani ya neno hilo, lakini mbele ya walimu linasikika kama hasira tu. Sasa msikilize mwingine: “Nimevisoma. Nimejifunza kwamba kati ya wainjilisti wa kwanza walikuwamo watu waliorudi kutoka utumwani Angola, wala si wamisionari peke yao walioleta Neno. Mimi natafuta jambo dogo zaidi. Wamisionari walipoondoka katika machafuko ya 1960, akina mama wa vijiji vitatu ninavyovihudumia walishikaje ibada, mazishi na mafundisho ya watoto? Walisoma Biblia namna gani walipokuwa peke yao? Nimekwisha kuzungumza na wanne kati yao.”

Huyu amesema kwa dakika moja na nusu, na walimu watainua vichwa. Ameonyesha kwamba amesoma, kwamba swali lake lina mipaka, na kwamba jibu lake linapatikana mahali anapoweza kufika kwa baiskeli. Tena swali hilo lina haraka yake. Mama aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1960 sasa amepita miaka 80. Kila msimu wa mvua tunazika mmoja au wawili wa rika hilo, na yale waliyoyashika kichwani yanakwenda nao. Mchungaji akikataliwa leo na kuambiwa arudi baada ya miaka miwili, huenda akakuta hakuna wa kumwuliza.

Basi fanya zoezi hili. Eleza swali lako kwa shemasi, kisha kwa mama anayeuza unga, kwa Kiswahili au Kiluba, bila maneno makubwa ya shule. Kama shemasi hakuelewa kwa Kiswahili, usitazamie profesa aelewe kwa Kiingereza. Wakianza kukuuliza maswali yao wenyewe, umefika. Baada ya hapo ndipo ulitie katika Kifaransa au Kiingereza, ulitamke kwa sauti mara nyingi, na rafiki ashike saa. Usisome kwenye karatasi. Macho yanayokimbia pembeni yanaonekana.

Jambo la vyeti nalo linawachanganya wageni. Lisansi yetu ya mfumo wa zamani inakuja baada ya gradua: miaka mitatu, kisha miwili, jumla mitano. Ufaransa lisansi ni ya miaka mitatu tu. Usipoeleza, mwalimu wa mbali anaweza kukuona mtu mwenye nusu ya masomo uliyo nayo. Andika sentensi mbili juu ya hilo mapema, na uwe tayari kuzisema.

Kisha saa. Kongo yetu ina saa mbili, na sisi wa Kamina tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Mmoja wetu aliandikiwa kwamba mahojiano ni 13:00 “saa za Kongo”. Aliyeandika alihesabu kwa Kinshasa. Ndugu yetu akaingia saa saba mchana ya Kamina, akakaa mbele ya kioo kitupu, akaomba, akangoja. Moto wa betri ukaisha dakika chache kabla ya saa nane, yaani kabla tu ya walimu kuingia. Walipomwandikia kwamba hakufika, alilia kama mtoto, naye ni mtu wa miaka arobaini na kitu. Kwa hiyo jibu barua yao hivi: “Nimeelewa ni saa fulani ya kwenu, ambayo ni saa fulani ya Kamina.” Afrika Kusini tunalingana nayo mwaka mzima, na Nairobi iko mbele yetu kwa saa moja. Ulaya wanabadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Sisi hatubadilishi, kwa hiyo hesabu ya Februari haifai Aprili.

Juu ya vyombo hatutasema mengi. Mazungumzo ya video yanaweza kula gigabaiti moja kwa saa, hata zaidi. Nunua mega za kutosha, na uwe na simu ya pili yenye laini ya kampuni nyingine. Chaji kila kitu tangu jana yake. Jenereta iwe mbali, maana kipaza sauti kinasikia jenereta kuliko kinavyokusikia wewe. Na kuanzia Oktoba hadi Aprili usikae chini ya mabati yasiyo na dari: mvua ya alasiri ikianza, hutasikia hata jina lako. Mtandao ukilegea, omba ruhusa ya kuzima picha, uendelee kwa sauti.

Kwetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima. Kwenye kioo wao wanaona mtu asiyejiamini. Tazama kamera. Usipolielewa swali, omba lirudiwe, si aibu. Profesa akikosea juu ya kanisa lako, msahihishe kwa upole. Wengine wanalisema kosa makusudi waone utafanya nini.

Wataulizia pia fedha. “Mungu atatoa” ni neno la kweli, lakini halijibu swali la bajeti. Taja kanisa litatoa kiasi gani, familia itabaki na nani, na uwe na barua ya mwakilishi wa kisheria au askofu inayosema kazi utakayorudia.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Usiseme hapana. Uliza kama wanafunzi wao waliobaki makwao wanaweza kusoma vitabu vya maktaba kwa mtandao, na ni siku ngapi kwa mwaka utatakiwa kuwa chuoni, ili wazee wa kanisa wajue nani atasimama madhabahuni siku hizo.